Mgeni wa Saba

Dorkas alisema kikombe chake hakitoki ndani kwa ajili ya mgeni huyo, hata aje na barua ya Askofu.

"Hatahitaji kikombe chako, mama," alisema Paskali. "Anacho chake."

Ilikuwa mara ya tatu juma hilo wazee wa kigango kukutana kanisani kwa jambo lile lile, na Paskali, katekista wao kwa miaka kumi na minne, alikuwa amechoka hadi sauti. Yeye ndiye aliyeanzisha utaratibu wa wageni. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada, alimleta mtu mmoja azungumze na Wakatoliki wa Ulemo, ili wasikie sauti nyingine mbali na yake. Alikuja bwana shamba akawafundisha kulima matuta. Akaja mkunga wa misheni. Akaja askari aliyerudi kutoka vita vya Burma, akalia katikati ya maneno yake, na watu wakalia naye. Wageni sita, na kila mmoja Paskali alimfuata kwa baiskeli au kwa miguu, akambebea mzigo, akamlaza kwake, akamsindikiza. Hakuna hata mmoja aliyekataliwa.

Wa saba alikuwa mkoma.

"Umemwona kwa macho yako?" aliuliza Mzee Zefania, mkuu wa wazee wa kigango.

"Nimemwona, mzee."

"Vidole anavyo?"

"Vyote kumi."

"Sasa nani kasema ni mkoma?"

"Daktari wa misheni. Nilikuwapo alipomwambia."

Zefania alikuna kidevu. Nje, upepo wa Agosti ulikuwa unapeperusha makapi ya uwele na kuyatupa ndani kupitia madirisha.

"Atalala wapi?"

"Kwangu."

"Na mkeo?"

"Rahabu anakwenda kwa dada yake, Kinyangiri. Yeye na watoto."

"Mnamsikia?" Dorkas alipiga makofi. "Wa kwake anawaondoa, sisi ndio anatuletea!"

Paskali aliutazama mkono wake wa kushoto, uliofungwa kitambaa. Juma lililopita aliungua jikoni, na Rahabu, aliyekuwa uani, ndiye aliyesikia harufu kwanza.

"Na Jumatatu lori la misheni litamrudisha kwenye kambi ya wakoma?" aliuliza Zefania.

"Litampeleka, mzee. Alfajiri."

"Basi hebu tuambie. Huyo mtu anataka kutuambia nini hasa? Ugonjwa wenyewe tunaujua."

"Anataka kuonwa tu." Paskali aliegemea ukuta. Miguu ilikuwa inamuuma; alikuwa ametoka misheni jana yake, maili ishirini na mbili. "Wenzake waliondolewa kimya kimya kabla hakujakucha. Majirani walipoamka, wakachoma kitanda, wakachoma nguo, na jina likachomwa humo humo. Hakuna anayewataja tena. Yeye anaogopa hilo kuliko ugonjwa."

Zefania alikuwa na mdogo wake aliyepelekwa kambini miaka ya vita, na tangu siku ile jina lake halikutamkwa nyumbani kwao. Kila mtu mle ndani alijua, na kila mtu alitazama sakafu.

"Na aje," alisema mzee mwishowe. "Mimi nitaketi benchi la mbele."

"Mimi nitasikilizia dirishani," alisema Dorkas. "Kwa nje."

"Hata dirishani yatosha, mama. Asante."

Paskali alipofika nyumbani alimkuta Rahabu anafunga mzigo wa safari. Watoto walikuwa wamekwisha kuvishwa.

"Wamekubali?"

"Wamekubali."

Rahabu aliketi juu ya mzigo, akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Paskali alibaki amesimama mlangoni. Alitaka kwenda kumshika bega, lakini hakwenda.

"Ungemwachia padri awaambie," alisema Rahabu. "Padri anajua kusema."

"Anajua. Lakini jambo hili likisemwa na padri litakuwa mahubiri. Nataka walisikie kwake mwenyewe, hata akilisema vibaya."

"Umechoka, baba Damari."

"Nimechoka."

Aliwasindikiza hadi njia panda, yeye akitembea nyuma yao, mbali kidogo. Kitinda mimba aligeuka mara mbili kumpungia mkono. Mara ya tatu mama yake alimgeuza kichwa taratibu, wakashika njia ya Kinyangiri.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Waliojazana zaidi walikuwa nyuma, wamebanana kama kuni. Benchi la mbele aliketi Zefania peke yake, amevaa koti lake la harusini, fimbo magotini. Dorkas alikuwa dirishani, kwa nje kama alivyosema, kanga ameikaza puani.

Paskali aliongoza ibada yote. Aliimba, aliwasomea Injili, akawaombea wagonjwa na wasafiri. Ilipokwisha, watu waligeuka kutazama barabara. Hapakuwa na mtu. Mbuzi wawili walivuka, vumbi likatulia.

"Katekista," alisema Zefania, "mgeni wako amechelewa. Au ameona haya? Nenda ukamwambie tumekubali aingie. Mwambie mimi, Zefania, ndiye niliyesema."

Paskali alifunga kitabu cha ibada. Akakiweka juu ya meza, akakisukuma mbali kwa ncha ya kidole, kisha akaenda kusimama mbele ya benchi la mzee, pale walipokuwa wakisimama wageni wote sita.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

"Milele, amina."

"Naitwa Paskali mwana wa Kefa," alisema, "na kesho alfajiri lori linakuja kunichukua."