Hataza ya Jina Moja

Desanka aliweka kikombe cha kahawa mbele ya mumewe, na kipande cha ratluki, peremende laini ya sukari, kando yake. Akasimama kidogo, kisha akatoka jikoni. Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi. Tihomir alilikodolea macho povu la kahawa. Hakuwa na ujasiri wa kuinua uso mpaka mlango ufungwe.

Leo aliuinua mapema, maana Radisav wa ghorofa ya chini aliingia bila hodi, mikono ikinuka moshi wa pilipili hoho za kuchoma.

"Shemeji bado amenuna?" akauliza.

"Bado."

"Hata neno?"

"Hata kikohozi."

Radisav alivuta kiti, akajimiminia pombe ya rakija kana kwamba chupa ni yake. "Na wewe umeshamwomba radhi?"

"Akinisemesha tu, neno lolote, nitamwomba hapohapo."

"Ah, jirani! Mbuzi wawili darajani, kila mmoja anamngoja mwenzake arudi nyuma. Mtazeeka hapo. Ila mmeshazeeka tayari."

Tihomir hakucheka. Yeye na Desanka walikuwa wamefanya kazi pamoja ujana wao wote katika kiwanda cha redio hapa Niš, yeye akiunda vyombo, mkewe akipiga hesabu. Kiwanda kilipofungwa, na masikio ya Tihomir yakaanza kufa, walihamishia kazi jikoni. Humo walitengeneza kisanduku kidogo kilichokaa juu ya friji. Kisanduku kilinasa sauti za nyumba, kikaziondoa zile zinazojirudia, na zilizobaki kikazirusha kwa mawimbi mpaka kwenye vidude viwili vya masikioni vilivyofichwa na nywele nyeupe za Tihomir. Bila vidude hivyo, hata radi hakuisikia.

Mwezi wa Machi hataza, hati ya kumiliki uvumbuzi huo, ilifika kutoka Belgrade. Ilikuwa na jina moja, la Tihomir. Nyumba moja, jina moja linatosha, ndivyo alivyojiambia siku alipopeleka maombi peke yake. Desanka aliisoma amesimama. Akaiweka mezani, akazima jiko, akaenda kulala mchana kweupe. Hesabu yote iliyokuwa ndani ya kisanduku kile ilikuwa yake.

Tangu siku hiyo, kimya.

"Tazama," Tihomir alisema ghafla, akinyoosha kidole dirishani. Mtaani lilikuwa likipita gari la mnunuzi wa vyuma chakavu. Kipaza sauti chake kilibweka tangazo lake lililorekodiwa: friji mbovu nanunua, majiko nanunua, betri nanunua. Radisav aliziba masikio. Tihomir alitabasamu kama mtoto.

"Unatabasamu na makelele yote haya?" Radisav alishangaa. "Huyu humsikii?"

"Naona gari tu. Kisanduku kimeshamjua."

"Kumbe na maneno kinafuta!"

"Sauti ni sauti. Ikijirudia vilevile, kwake ni kelele. Nilikiacha kijifunze nyumba hii majuma yote ya Pasaka. Vidude vilikaa kwenye droo, nami nikashinda kiziwi kama gogo. Sasa hata kengele ya kanisa nimeisahau."

"Hebu niazime wiki moja. Mama mkwe wangu ana wimbo mmoja tu, na hautaki kwisha."

Hapo wakacheka wote wawili. Radisav alimaliza glasi yake, akampiga Tihomir begani. "Mwombe radhi, bwana," akasema kwa upole. "Mwanamke hapatikani mara mbili." Akarudi kwenye pilipili zake.

Tihomir alibaki akifuta meza ambayo haikuwa na uchafu. Mlango ukafunguka tena. Desanka aliingia amevaa koti lake la safari, begi mkononi.

"Nakwenda Pirot kwa dada yangu," alisema.

Kitambaa kilimponyoka Tihomir. Sauti yake! Ilikuwa nzito kidogo kuliko alivyoikumbuka, yenye mkwaruzo mwishoni, na aliisikia yote, mpaka pumzi.

"Desanka! Umesema!"

"Usinifanyie mzaha."

"Mzaha gani? Mke wangu, mimi..."

Desanka aliinua mkono kumzuia. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu aliyekwisha kulia na kumaliza. "Nyamaza kwanza. Nina jambo moja tu, nami nitalisema mara hii ya mwisho. Ukinijibu, navua koti. Ukinyamaza kama kawaida yako, basi la Pirot halinisubiri."

"Nitajibu. Naapa, lolote utakalosema nitalijibu. Sema."

"Utanisikiliza kweli?"

"Hakuna ninachotaka duniani zaidi ya hicho."

Akakaa sawa kitini. Akafumba macho, kama alivyofanya kiwandani zamani kila alipoitafuta ishara hafifu iliyozama kwenye mvumo, huku Desanka akiwa pembeni na penseli. Machozi yalimchungulia kwenye kope. Maneno ya kuomba radhi yalikuwa tayari ulimini, yakingoja zamu yao.

Desanka aliweka begi chini.

"Nimekusamehe, Tihomir. Turudi kama zamani," alisema, kwa sauti ileile na maneno yaleyale aliyoyasema kila asubuhi tangu Pasaka.

Tihomir alingoja, macho yamefumbwa, tabasamu likimtetemeka mdomoni.

"Haya, mke wangu," akasema. "Nasikiliza. Sema."