Kiazi Chenye Maziwa

Kwanza ulisikika mluzi wa kipaza sauti, mkali, wa kutoboa masikio. Ulitoka kwenye ukumbi wa semina ya viazi, ukaruka uzio, ukawakurupusha mbuzi waliokuwa wakila majani barabarani.

"Wameanza," alisema Fidele, akiegesha pikipiki. "Hata chombo chenyewe kinalia kwa kuwachoka."

Mama Jeanne alicheka akishuka. Alikuwa amepakiwa tangu Nyakitonto, amekumbatia fundo la kitenge. Ndani ya fundo mlikuwa na viazi viwili, masalia ya shamba lake. Misimu miwili mfululizo viazi vyake vilinyauka vikiwa bado kijani, kama vilivyomwagiwa maji ya moto. Shemeji yake Ndayisaba alikwisha kusema mbele ya ukoo: msimu wa tatu ukienda hivyo, kilima kile anakichukua yeye, mjane atafute pa kwenda.

Getini wakulima walimzunguka Fidele, huyu mkono, huyu bega.

"Fidele Amata! Umekuja kutoa mada?"

"Mada nitoe wapi, na sina tai?"

Amata ni maziwa kwa Kiha. Walimwita hivyo kutoka Kibondo hadi Kasulu, naye alilipenda jina hilo kuliko lake la ubatizo.

Ndani, mabingwa wa viazi walikuwa wamepangwa meza ya mbele, kila mmoja na chupa yake ya maji. Aliyesimama alikuwa Dokta Hilali, suti ya bluu, manukato yamefika kabla yake. Alisema amefurahi sana kufika Kibondo. Mtu akamnong'oneza kwamba hapa ni Kasulu. "Ni kulekule," akajibu, akaonyesha ukutani picha ya trekta kwenye shamba tambarare kama meza. Wakulima wa milimani waliitazama picha ile kwa adabu.

"Mkulima wa huku abadili mtazamo," alisema Dokta. "Kiazi ni biashara."

Fidele aliinamia benchi la mbele yake, akaghani kwa sauti ya chini:

"Bingwa wa viazi mezani, shamba uliingia lini?"

Benchi zima likatikisika. Fidele akaegemea nyuma, ameridhika. Watu hawa aliwajua. Walikuja na kiangazi, wakaondoka na bahasha, na udongo wa huku Buha, nchi ya Waha, haukuwahi kuingia kwenye kucha zao.

Akafuata Bi Zena, mtaalamu wa magonjwa. Kabla ya kugusa kiazi alivaa glovu za mpira.

"Kiazi anakivalia glovu," alisema Fidele. "Akikutana na muhogo si atavaa kofia ya chuma?"

Mama Jeanne alijiziba mdomo kwa kitenge.

Bi Zena alikata kiazi katikati, akakiminya. Kwenye duara la ndani yakachomoza matone meupe, mazito. Akakiinua juu.

"Mkiona ute huu, mweupe kama maziwa, basi jueni..."

"Amata hayo, dada," Fidele alidakia kwa sauti ya kufika ukutani. "Kwetu ni baraka. Kwenu mnayanunua kwenye pakiti."

Ukumbi ulipasuka. Wazee walipigana mapajani, akina mama wakafuta machozi, na maneno ya Bi Zena yakazama humohumo. Kicheko kilipokwisha, kiazi kilikuwa tayari ndani ya ndoo yenye mfuniko, naye anasugua kisu kwa dawa ya kuua vijidudu.

"Kimemng'ata nini?" aliuliza Fidele.

Safari hii Mama Jeanne hakucheka.

"Amesemaje pale, mwanangu? Baada ya maziwa?"

"Kasema ya kwao."

Ilipofika saa ya chai, Bi Zena alitangaza kwamba mwenye kiazi chake akilete mezani, yeye akitazame. Mama Jeanne akainuka na fundo lake. Fidele akamshika kiwiko, kwa upole, kama mtoto amshikavyo mzazi wake, akamtoa hadi barazani.

"Nipe mimi."

Alichomoa kisu cha mfukoni, akakata kiazi kimoja, akakiminya. Matone meupe yakachomoza. Akamwonyesha kama mkunga anavyoonyesha kichanga.

"Unayaona? Bibi yangu alikuwa akituambia, ng'ombe mkavu usimfuge, kiazi kikavu usikipande. Mbegu hii ina maziwa, mama. Haina kosa. Udongo wako umechoka, au kuna mtu anakutazama vibaya."

"Lakini yule dada amesoma."

"Amesoma. Na saa kumi atakuwa ndani ya gari la vioo vya giza. Yakikukuta, yeye utampata wapi? Mimi nyumbani kwangu unapajua."

Mama Jeanne alichungulia dirishani. Dokta Hilali alikuwa amejaza sahani. Bi Zena alikuwa peke yake mezani, glovu mkononi, anatazama mlango. Hapakuwa na mkulima hata mmoja aliyemwendea. Nani angeenda, baada ya kicheko kile?

 Mama Jeanne akakifunga kile kiazi kilichobaki, akakaza fundo.

"Ego," alisema. Ndiyo. "Wewe ni wa kwetu. Ila unajua, Fidele, msimu huu ndio wa mwisho. Viazi vikinyauka tena, mimi sina kilima."

"Najua, mama."

Alifuta kisu kwenye suruali, akakikunja, akamwekea mkono begani.

"Waache na sambusa zao. Nakuahidi mbele ya Mungu, Jumatatu mvua inyeshe isinyeshe, nakuletea magunia ya mbegu hadi mlangoni, zilezile nilizokuuzia misimu yote miwili."