Hofu ya Mama Ewoi

Sheria ya mtoni ni moja: anayepanda mtumbwi wa mpira huiacha hofu yake kwa mtu wa nyumbani, maana mmoja akitapatapa, wote wanapinduka. Kesho Mama Ewoi anaingia korongo la jangwani kwa mara ya kwanza, na tangu asubuhi hofu yake ninayo mimi, mumewe.

Sijakaa. Nimevuta kamba za kofia yake, nimeuliza sijui mara ngapi kama maporomoko ya mwisho yana mawe.

"Yanayo," alijibu, akikunja nguo huku akiimba.

Ewoi wetu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, aliinyooshea mkono sufuria ya uji unaochemka. Mama yake alikuwa hatua moja tu kutoka kwake. Alimtazama akitabasamu. Niliruka mimi kutoka mlangoni, nikamnyakua.

"Hukumwona?"

"Nilimwona, Baba Ewoi."

Nilimkumbatia mtoto kwa hofu ya watu wawili. Nikamwambia mke wangu kwamba akirudi tu, siku hiyo hiyo, nitamrudishia hofu yake.

Alifunga mkoba taratibu.

"Baki nayo," alisema kwa upole. "Sijawahi kupumzika hivi."