Kwa Mama Pulchérie Kumejaa

"Kwa Mama Pulchérie? Hapana, kumejaa," Norbert alisema kwenye phonie. Akaachia kitufe, akacheka peke yake. Ilikuwa mara ya nne asubuhi hiyo.

Redio hiyo ya mawasiliano ndiyo ilikuwa sikio na mdomo wa mji wa Baraka, kando ya ziwa. Vita vilikuwa katika mwaka wa pili, na hakuna msafiri aliyepanda boti Uvira au Kalemie kabla ya kumwuliza Norbert: ziwa ni salama? Nitalala wapi? Zamani aliwatuma wote kwa Pulchérie, mjane mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita, naye mjane alimpa matabishi yake, pesa kidogo ya shukrani, kwa kila mgeni.

Kisha Pulchérie akaanza kuwagawia wageni vikaratasi alivyoandika kwa mkono. Mfanyabiashara mmoja wa Uvira alimsomea Norbert kikaratasi chake hewani: "Mukirudi, mukuje kwangu direct. Musipite kwa Norbert. Bei itashuka."

Kwenye phonie mmoja akisema, wote wanasikia. Uvira walicheka. Kalemie walicheka. Mtu wa Ubwari alicheka mpaka akakohoa.

Siku hiyo Norbert hakula. "Mulango yake nitafunga," alimwambia mkewe, Clarisse. "Na kwa kiti hii sitatoka."

Tangu hapo jibu lake likawa moja: kwa Pulchérie kumejaa, lakini kwa Norbert iko nafasi, karibu. Akapanga vitanda vinne sebuleni mwake. Wasafiri wengine walisema watangoja chumba kwa mjane. Norbert akaona uongo wake haujakolea, akautia chumvi.

"Musijaribu," alitangaza. "Kule iko kipindupindu. Jana wametoa watu wawili kwa machela."

Baada ya neno hilo, hakuna boti iliyoleta mgeni wa Pulchérie. Kila siku Norbert alipita mbele ya lango lililofungwa, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Kitu kimoja tu kilimkera: moshi wa jikoni haukupungua. Na sokoni alimkuta mjane akinunua ndoo nzima ya samaki wadogo wa ndakala na gunia la unga wa muhogo.

"Mama, unapikia nani? Wafu?"

"Wageni, baba. Si ni weye unasema kumejaa?"

Norbert alisimulia nyumbani akijipiga mapaja. "Kichwa yake imeharibika!"

Clarisse hakucheka. Aliuliza tu, "Na wale bamama ba Lweba waliokimbia vita na mabinti zao, walipita wapi?"

"Mi nitajua wapi? Wale si wateja."

Wiki iliyofuata askari waliingia Baraka. Lango la Pulchérie walilipita mbio, wameziba pua. Kwa Norbert walisimama, na mkubwa wao akamshika mkono kama rafiki wa zamani.

"We ndiye Norbert? Sauti yako tunaijua, bwana. Kila siku tunakusikia: kwa Norbert iko nafasi, karibu." Akawageukia watu wake. "Ingieni."

Waliingia kumi na tisa. Walichukua vitanda, kisha mikeka, kisha phonie yenyewe. Mmoja alimwagiza Vanessa, binti mkubwa wa Norbert, maji ya kuoga, na macho yake yakamfuata msichana mpaka nyuma ya nyumba. Norbert aliyaona macho hayo.

Wakamtuma kuni. Aliporudi, Clarisse hayupo, mabinti hawapo. Aliwauliza askari, wakacheka. Alikimbia kanisani, sokoni, pwani kwenye mitumbwi. Hakuna aliyewaona. Kwake hakurudi tena, maana pale hakuwa na pa kulala wala pa kulilia.

Ukabaki mlango mmoja. Vyumba sita, vitupu vyote. Nani angejua zaidi yake? Akagonga.

"Mama, nihurumie. Nipe chumba, hata kimoja."

Pulchérie alifungua nusu. "Kumejaa."

"Usinilipize, mama! Mule hamuna muntu. Ile ilikuwa uongo yangu!"

Mjane akasukuma lango hadi mwisho. Uani mikeka ilikuwa imegusana, ukuta hadi ukuta, na juu yake akina mama wa Lweba na mabinti zao walikuwa wameketi bega kwa bega.

"Chumba cha mwisho nilimpa Clarisse na batoto, saa tisa," Pulchérie alisema. "Yeye alikuja direct."

Akafunga lango, akashusha komeo.