Mtunza Neno la Ghala

Zama zile milango ilipokuwa ikifunguka kwa neno la siri, ghala la wanyama lilikuwa na neno lililojulikana na kila mtu, na mtama ukawa unaibwa kila leo. Pimbi, msimamizi wa ghala, akawa hapati usingizi. Akatafuta wa kumkabidhi neno jipya.

Akaja Kasuku, hodari wa kukumbuka. "Mimi sisahau kitu, mzee. Kima nilimtunzia neno la ghala lake: komamanga."

Pimbi akamshukuru, akamwonyesha njia ya kutokea.

Akaja Kakakuona, mzito wa kusema. Pimbi akamuuliza, "Wewe umewahi kutunza neno gani?"

"Hilo sikwambii."

"Hata mimi ninayetaka kukupa kazi?"

"Hata wewe, mzee. Na kesho nikiulizwa lako, nitajibu hivyo hivyo."

Pimbi akashusha pumzi, akamnong'oneza neno, akaenda kulala mchana kweupe.