Maiti Anaimba

Bi Shemsa alikuwa ameimba katika ukumbi ule kwa miaka thelathini, lakini katika mchezo huu mpya alipewa nafasi ya maiti.

"Sauti imechoka, mama," mwongozaji alimwambia. "Wewe lala tu. Salha atakulilia."

Basi alasiri ile akalala jukwaani, amefunikwa gubigubi kwa shuka nyeupe, na ukumbi umefurika hadi mlangoni. Salha, binti aliyeigiza mwana wa marehemu, akapiga magoti kando yake aanze wimbo wa maombolezo. Kinanda kikampa sauti ya kuanzia. Kikampa tena.

"Bi Shemsa," akanong'ona, jasho likimtiririka, "maneno yameniruka yote!"

Maiti akavuta pumzi. Wimbo ulitakiwa kuanza, "Mama, nani atanisuka?" Lakini sauti iliyotoka chini ya shuka, nzito, yenye mikwaruzo, iliimba, "Mwanangu, njoo nikusuke."

"Maiti anaimba!" akapiga kelele mama mmoja wa mstari wa mbele, na watu wakasimama vitini.

Nyuma ya pazia mwongozaji alikuwa akipunga mikono kama anayefukuza nyuki. "Lala, mama! Umekufa!"

Hapo maneno yakamrudia Salha. "Mama, nani atanisuka?" akaimba, na kutoka chini ya shuka akajibiwa kwa sauti kubwa zaidi. Vigelegele vikazuka, kinanda kikawafuata mbio. Mkono ukachomoza kwenye shuka, ukapapasa hadi kichwani mwa Salha, na vidole vikaanza kumgawa nywele.