Namba 417

"Umekosea," Leland Kucera alisema bila kuondoa macho barabarani. "Hao ni madereva wa mabasi ya shule."

Mkewe Darlene alisukuma miwani juu ya pua, akafuta namba alizokuwa ameziingiza, akaanza upya. Mapajani alikuwa ameshika redio ya kunasa mawimbi ya polisi, nyeusi, nzito kama tofali. Kila walipovuka mpaka wa kaunti ilibidi aiwekee namba mpya za askari wa barabara kuu. Akikosea tarakimu moja tu, anawapata zimamoto, au wakulima wakibishana juu ya mvua.

"Nukta sita nane," Leland alisema. "Siyo sita tisa. Nane!"

"Nipigie kelele tena uone kama sitaitupa dirishani."

Kwa miaka thelathini Leland aliendesha malori, na redio hiyo ilimwepusha na faini nyingi kuliko sala za mkewe. Askari wa barabarani aliwajua kwa namba zao, na hakumpenda hata mmoja. "Za mwizi arobaini," Darlene alikuwa akimwambia. Leland alikuwa akicheka na kuongeza mwendo. Aliapa kwamba askari hataketi mezani kwake, na kiapo hicho alikishika.

Leo hakucheka. Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na tano mchana, na gurudumu lililopasuka asubuhi lilikuwa limewala saa mbili nzima. Mbele yao, maili thelathini na tano, kulikuwa na kilima chenye mnara. Redio yao haikuwa na nguvu ya kunasa kituo cha askari kilichokuwa nyuma ya kilima hicho. Wasipokipanda kabla ya saa nane, safari yote ya siku mbili ingekuwa bure.

Redio ilikoroma, kisha sauti zikaja safi.

"Haya, umewapata," Leland alisema. "Wamemwita 417?"

"Bado. Yupo 412, na mwingine anauliza nani ana kahawa."

"Hao hawanihusu. Ninayemtaka ni 417."

"Na tukimkosa?"

"Tukimkosa leo ndiyo basi tena."

Huyo 417 alikuwa amemnyima usingizi siku tatu. Usiku wa kuamkia safari Darlene alimkuta jikoni, amesimama mbele ya jokofu lililo wazi, hachukui kitu. Alimwogopa 417 kuliko alivyowahi kumwogopa askari yeyote, na bado alikuwa akimkimbilia. Mshale wa kipimo cha mwendo uligusa maili tisini kwa saa. Kwenye dirisha la nyuma suti yake ya kanisani ilipepea kwenye kiango cha nguo.

"412 kwa kituo," redio ilisema. "Gari la kijivu limenipita kwa kasi sana, linaelekea magharibi. Nalifuata."

"Leland, ni sisi."

"Najua ni sisi."

"Simama basi, umweleze. Hawa nao ni watu."

"Nimewaita kila jina baya, Darlene. Leo ndiyo niwapigie magoti?"

Darlene alimgeukia. "Redio yako inasikia, haisemi. Wewe unasema, husikii. Ndiyo maana tuko hapa."

Taa nyekundu na za buluu zilijaa kwenye kioo, na king'ora kikaanza kulia. Kilima kilikuwa bado maili mbili. Aliuma meno, akakanyaga mafuta. Maili ya kwanza ikaisha, askari yuko nyuma yake kabisa. Ya pili ikaisha. Mnara ulipopita juu ya vichwa vyao na bonde lote likafunguka mbele, ndipo Leland alipokanyaga breki, akasimama kando kwenye kokoto na kuweka mikono juu ya usukani.

Saa nane kasoro dakika mbili.

Askari alikuja ameshika kitako cha bastola. Alikuwa kijana, mashavu mekundu kwa hasira.

"Zima injini! Maili mbili nzima nakuwashia taa, mzee! Nilikuwa karibu kuwaita wenzangu. Leseni!"

Leland alimpa.

"Na hiyo redio, mama, izime."

"Dakika mbili tu," Leland alisema. "Niandikie faini yoyote unayotaka. Nifunge pingu. Lakini usiizime, kijana wangu, nakuomba."

"Nimesema izimwe."

Askari aliingiza mkono dirishani. Darlene aliikumbatia redio kifuani, kama mtu anayenyang'anywa mtoto. Kijana akashusha pumzi, akaitazama leseni aliyokuwa ameishika. Akalisoma jina la ukoo mara ya pili. Aliitazama suti kwenye dirisha la nyuma, kisha akautoa mkono wake garini taratibu, akavua kofia.

Redio ilikoroma.

"Kituo kwa 417," sauti ya mwanamke ilisema.

Lori moja lilipita na gari likatikisika.

"Kituo kwa 417."

Darlene alifumba macho. Leland alisogea karibu, karibu zaidi.

"Kituo kwa 417." Safari hii sauti ya mwanamke ilipasuka. "417 hajibu. Huu ni wito wa mwisho, tunaompa kila askari tunayemzika. Askari Wade Kucera, zamu yako imekwisha leo, saa nane kamili mchana. Pumzika. Barabara tutailinda sisi."

Leland aliinama hadi midomo yake ikaigusa redio ile isiyojua kusema.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema.